Maji Yenye Kuta: Kisa cha Tumbo la Binti wa Miaka Minne

Barua ya rufaa ilikuwa na mstari mmoja tu wa ugonjwa: maji tumboni, TB ya tumbo, hapati nafuu. Chini yake mhuri, na juu ya mhuri saini isiyosomeka. Mwenye barua, binti wa miaka minne kutoka kijiji kimoja cha Kanda ya Ziwa, alikuwa amelala ubavu pale mapokezi, magoti ameyakunja, tumbo limemtangulia kama la mama wa miezi saba. Mikono ilikuwa myembamba kama njiti. Bibi yake alikuwa amemshikia beseni dogo la kutapikia, na khanga aliyomfunika ilishalowa.

Nasimulia kisa hiki kwa idhini ya familia, ndiyo maana hutaona jina, kijiji wala hospitali. Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya upasuaji, zamu ya usiku. Nakiri mapema: niliisoma ile barua kabla sijamgusa mtoto, na nilipomgusa, vidole vyangu vilikwenda kutafuta kile kilichoandikwa.

"Shikamoo bibi. Tumbo limeanza lini?"

"Marahaba, mwanangu. Lini? Hili tumbo limekua naye."

Nilipaswa kusimama hapo. TB ya tumbo haikui na mtoto tangu hajajua kutembea vizuri. Badala yake niliandika "muda mrefu" kwenye faili, nikaendelea na swali linalofuata.

Safari yenyewe, tulivyoiunganisha baadaye kwa maneno ya bibi na makaratasi aliyoyatunza kwenye mfuko wa nailoni, ilikuwa hivi. Akiwa na mwaka mmoja na nusu, mama yake aliona kitovu kimeanza kujitokeza. Watu wakasema ameshiba, wengine wakasema minyoo, akapewa dawa ya minyoo. Kwenye kliniki ya mama na mtoto hakuna aliyeshtuka, na ukiitazama kadi yake utaelewa kwa nini: mstari wa uzito ulikuwa unapanda vizuri kabisa kwenye eneo la kijani. Mizani haijui tofauti ya nyama na maji. Kadi ilikuwa inarekodi ukuaji wa kitu kingine, na mtoto mwenyewe alikuwa anapungua ndani yake. Kama mtu angempima mzingo wa mkono kwa ule utepe wa rangi tatu, huenda hadithi ingegeuka mapema.

Baadaye akachanjwa chale tatu tatu kila ubavu, kwa kuwa mganga alisema ni bandama. Sitaki kumcheka mganga. Kuzunguka Ziwa Victoria, kichocho na malaria vimewavimbisha watoto wengi bandama, na anayesema "bandama" kabla ya kuona kitu huwa anapatia mara nyingi. Kituo cha afya nao waliwaza kichocho, wakampa vidonge vyake. Tumbo likabaki palepale.

Hospitali ya pili ndiyo iliyompa jina la TB. Waliona tumbo kubwa, altrasaundi ikaandikwa "maji mengi tumboni", wakachoma sindano wakatoa karibu mililita mia nne za maji ya rangi ya chai nyepesi. Maabara ikasema: protini nyingi, seli nyeupe nyingi, na karibu zote ni limfosaiti. Kipimo cha vinasaba vya TB hakikuonyesha kitu, lakini kila daktari anajua kwamba kwa maji ya tumbo kipimo hicho hukosa wagonjwa wengi. Na mama wa mtoto aliwahi kumaliza dozi ya TB ya mapafu. Mtoto aliyekaa na mgonjwa wa kifua kikuu, amekonda, ana maji tumboni yenye protini na limfosaiti: ningekuwa mimi pale ningeandika dawa zilezile, siku ileile.

Lakini yatazame tena yale majibu ya maabara. Limfosaiti zimeitwa hivyo kwa sababu nyumbani kwake ni limfu, majimaji ya mwili yanayopita kwenye mishipa yake yenyewe. Ukichota limfu kwenye mshipa wake utapata hasa seli hizo, pamoja na protini. Maabara haikukosea. Ilijibu kwamba maji haya yana sura ya limfu, na sisi tukaisoma kama sura ya TB, kwa kuwa TB ndiyo tuliyozoea kuiona katika vazi hilo. Sindano ilikuwa imeingia kwenye ugonjwa wenyewe, ikachota ugonjwa wenyewe, na bado ugonjwa ukatuponyoka.

Alikunywa dawa miezi miwili. Bibi anakumbuka mkojo mwekundu, ambao hakuna aliyemwonya kuwa rifampisini hufanya hivyo, akadhani mtoto anakojoa damu. Tumbo lilipungua siku chache baada ya sindano, kisha likarudi na kuzidi. Halafu usiku mmoja mtoto akapiga kelele, akashika tumbo, akaanza kutapika kijani. Asubuhi midomo yake ilikuwa imepauka. Alipotufikia hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 6.1.

Umemgeuza?

Usiku ule tulifanya yale ya lazima: dripu, mpira wa puani wa kutoa uchafu wa tumbo la chakula, dawa ya maumivu, chupa ya damu. Picha ya eksirei haikuonyesha hewa iliyovuja. Nikaandika mpango wangu: pengine utumbo umejisokota au umebanwa kwa makovu ya TB, aangaliwe asubuhi.

Bingwa wetu alikuja saa moja na nusu, kabla ya raundi. Alisikiliza maelezo yangu mpaka mwisho, akaniuliza neno moja.

"Umemgeuza?"

Sikuwa nimemgeuza. Alimsalimia bibi, akakaa kitandani, akampa mtoto stetoskopu achezee, kisha akaanza kugonga tumbo kwa vidole taratibu kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Maji yaliyo huru tumboni yana tabia ya maji yoyote: hukimbilia chini. Mtu akilala chali, maji hujaa ubavuni na utumbo wenye hewa huelea katikati. Ukigonga, katikati panalia kama ngoma na mbavuni panalia kama gunia la mahindi. Mgeuze ubavu, na mlio unahama naye. Kwa binti huyu ilikuwa kinyume. Katikati gunia, pembeni ngoma. Akamgeuza upande mmoja, akasubiri, akagonga tena. Hakuna kilichohama.

"Haya maji yana kuta," alisema.

Halafu akaweka viganja viwili kwenye tumbo ambalo sasa lilikuwa limelegea kidogo kwa dawa, akausukuma ule uvimbe kwenda kulia. Ukaenda. Kushoto, ukaenda. Juu na chini ukagoma.

Dalili hiyo ina jina la Mfaransa, Tillaux, daktari wa Paris anayetajwa kuwa wa kwanza kufanikiwa kuondoa uvimbe wa maji wa mesenteri, mwaka 1880. Mesenteri ni nini, aliyewahi kuosha utumbo wa mbuzi anaijua bila kuijua jina. Ni ule utando mwembamba wenye mafuta unaoushikilia utumbo kwa nyuma, utumbo ukiwa umejikunja ukingoni mwake kama marinda ya gauni. Utando huo umeshonwa kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo kwa mstari mfupi wa mshazari, kwa mtu mzima sentimita 15 hivi, ukianzia juu kushoto na kuishia chini kulia. Kitu kilichoota ndani yake huyumba kama mlango kwenye bawaba zake. Mlango haupandi wala haushuki.

Kwa hiyo kabla mashine yoyote haijawashwa tulikuwa na mfuko wa maji, umeota kwenye mesenteri, na tangu jana umepata ajali. Tuliouliza swali jipya tulipata jibu jipya hata kwenye altrasaundi. Mtaalamu wa picha aliweka kifaa chake na ndani ya dakika tano akatuonyesha vyumba: kuta nyembamba zikikatiza maji kama sega la nyuki, vyumba vingine vyeusi safi, vingine vina chengachenga zinazoelea, ambazo ni damu. Utumbo ulikuwa umesukumwa nyuma na pembeni. Kati ya mikunjo ya utumbo, mahali ambapo maji huru yangejipenyeza, palikuwa pakavu. Mashine ya mwanzo haikuwa mbovu kuliko hii. Aliyeishika aliambiwa atafute maji, akayapata.

Tulibishana kidogo juu ya mengine. Uvimbe wa Burkitt, uliopewa jina la daktari mpasuaji aliyeueleza kutoka Uganda mwaka 1958, ndio unaotujia kichwani haraka kwa mtoto mwenye tumbo katika ukanda huu, ila huo ni nyama, na hukua kwa wiki, si kwa miaka. Ini na figo zilikuwa safi. Ovari zote mbili zilionekana. Kilichotutia hofu ya kweli ni mfuko wa mdudu wa hidatidi, ugonjwa wa mbwa na mifugo unaofahamika sana kwa Waturkana, kwa kuwa nao hujenga vyumba, na kuuchoma sindano kunaweza kumwaga mbegu zake tumboni au kumshtua mgonjwa hadi kufa. Huo lakini hupenda kuanzia kwenye ini. Na huyu alikuwa ameshachomwa sindano na yuko hai. Hoja hii ya mwisho si ya kisayansi sana, bingwa alisema, lakini inasaidia. CT skani ilithibitisha yale yale na kutuonyesha mishipa ya damu ikipita katikati ya vyumba.

Kilichokuwa ndani

Tulimfungua siku ya tatu, hemoglobini ikiwa imefika 10. Hata baada ya kuyajua yote hayo, nilishtuka. Uvimbe ulijitokeza wenyewe kwenye jeraha, laini, wenye kuta nyembamba kiasi kwamba unaona rangi za ndani: baadhi ya vifuko vyeupe kama maziwa, vingine vya kahawia kama uji wa ulezi. Ulikuwa umeota kwenye mesenteri ya jejunamu, sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, na kwa uzito wake ulikuwa umeusokota utumbo nusu mzunguko. Tulipousokotoa, utumbo uliokuwa wa zambarau ulirudi kuwa wa waridi polepole, na mtu wa usingizi akapumua kwa sauti tukamsikia wote.

Yale meupe yanahitaji maelezo. Mafuta tunayokula hayaingii moja kwa moja kwenye damu. Huchukuliwa na vimishipa vya limfu vya utumbo, yakapitishwa mfereji wa kifuani hadi kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na shingo. Mwitaliano Gaspare Aselli aliviona vimishipa hivyo mwaka 1622 kwa kumpasua mbwa aliyekuwa ametoka kula: nyuzi nyeupe kwenye mesenteri, ambazo kwanza alidhani ni neva, mpaka alipozikata zikatoa kitu kama maziwa. Sisi tulikuwa tunaona kitu kilekile, ila kilichokosa pa kwenda. Mtoto anapoumbika tumboni mwa mama, limfu huanza kama vifuko ambavyo baadaye huungana na mfumo mzima. Kifuko kisichoungana hubaki kama mtaro uliozibwa mdomo. Kinajaa, kinatanuka, kinazaa vyumba. Jejunamu ndiyo inayofyonza mafuta mengi, ndiyo maana vifuko vya huko huwa vya maziwa. Vya chini zaidi mara nyingi huwa na maji maangavu.

Huu ndio limfanjioma. Jina lenyewe lina ubishi, kwa kuwa kile kiishio "-oma" hudai kuwa ni uvimbe unaokua kwa seli kuzaliana, na jumuiya ya kimataifa ya ISSVA, inayopanga kasoro za mishipa, inapendelea kuiita kasoro ya mishipa ya limfu. Mimi bado natumia jina la zamani nikiongea na wenzangu, na sielewi kwa nini ningebishana na lile jipya. Si saratani na hausambai kwenda mapafuni wala kwenye ini. Zaidi ya tisa katika kumi hutokea shingoni na kwapani, mahali ambapo hata jirani anauona. Wa tumboni ni chini ya mmoja katika ishirini, na hukua gizani mpaka usokote utumbo, utoe damu ndani yake, uoze au upasuke. Wetu ulikuwa umefanya mawili ya kwanza. Sindano ya hospitali ya pili ilikuwa imefikia chumba kimoja tu, ndiyo sababu tumbo lilipungua kidogo na kurudi.

Kisha likaja swali la kukata. Uvimbe wa maji wa kawaida wa mesenteri unaweza kuuchokonoa ukatoka kama kiini cha embe. Limfanjioma haitoki hivyo. Haina ganda, inashikana na mishipa ya damu inayoulisha utumbo. Ukiibandua, unauacha utumbo bila damu. Ukiacha kipande ili uokoe utumbo, vyumba vilivyobaki vitajaa tena. Niliona bingwa akigeuzageuza ule uvimbe kwa muda mrefu kuliko nilivyomwona akifanya siku nyingine yoyote. Akaamua kutoa vyote: uvimbe na sentimita 35 za utumbo ulioshikana nao, kisha tukaunganisha ncha na ncha. Kwa mtoto mwenye mita kadhaa za utumbo mwembamba, hasara hiyo inabebeka. Kama uvimbe ungekuwa umeshuka hadi kwenye shina la mesenteri, ambako mishipa mikuu hupita, hesabu ingekuwa nyingine, na hapo ndipo watu hufikiria kuchoma dawa ya kukausha vyumba, kama bleomaisini au doksisaiklini, au kumpa mgonjwa sirolimasi kwa miezi mingi. Dawa hii ya mwisho inaeleweka vizuri zaidi tangu ilipobainika kwamba nyingi ya kasoro hizi zina badiliko la jini iitwayo PIK3CA, ambalo huwasha njia ileile ya ukuaji ambayo sirolimasi huizima. Wakati ule sisi hatukuwa nayo kabatini.

Tuliyakusanya maji kwenye beseni na mashine ya kufyonza. Lita mbili na kidogo. Mtoto aliyeingia na kilo 15 alitoka tieta akiwa na kilo 12 na ushei, na kwa mara ya kwanza mizani ikasema kweli.

Swali la bibi

Majibu ya patholojia, yaani uchunguzi wa uvimbe kwa hadubini, yalichukua wiki tatu. Vyumba vimetandikwa seli bapa, misuli laini imetawanyika kwenye kuta, mafungu ya limfosaiti hapa na pale, seli zilizomeza mafuta. Hakuna dalili ya saratani. Hakuna vinundu vya TB, si kwenye uvimbe, si kwenye utumbo, si kwenye tezi mbili za limfu tulizotoa pamoja navyo. Rangi maalumu ya D2-40, inayozitambua seli za mishipa ya limfu, haikuwepo maabara, lakini kwa picha ile na yale maziwa hakuna aliyeidai.

Ikabaki kusimamisha dawa za TB. Wenzetu wa idara ya watoto hawakukubali siku ya kwanza, na walikuwa na haki: mama yake aliwahi kuugua, na mtoto akiachishwa dozi kimakosa matokeo yake ni mabaya. Picha ya kifua ilirudiwa, ikawa safi. Tukasoma patholojia pamoja mezani. Wakasimamisha.

Nilitumwa mimi kumweleza bibi. Nilimchorea kwenye nyuma ya fomu: utumbo, utando, vifuko. Alinisikiliza, akaikunja ile karatasi akaiweka kwenye mfuko wake wa nailoni pamoja na nyingine.

"Kwa hiyo, mwanangu, zile dawa za mkojo mwekundu zilikuwa za nini?"

Nilianza kumweleza kuhusu limfosaiti. Nikaona naongea lugha isiyo yake, nikaacha.

"Tulidhani ni TB, bibi. Haikuwa TB. Tulikosea."

"Nyie, au wale wa kule?"

"Sisi madaktari."

Alinyamaza. Kisha akasema kwamba yeye alimwambia kila aliyeuliza kuwa tumbo limekua na mtoto, na kila mmoja aliandika. "Sasa mlikuwa mnaandika nini?"

Nilirudi kwenye faili kutafuta nilichoandika mimi. "Muda mrefu." Kwenye makaratasi ya kituo cha afya: "muda mrefu". Kwenye barua ya rufaa hapakuandikwa muda kabisa.

Mtoto alikuwa ameruhusiwa tangu siku ya kumi na moja, kwa kuwa jeraha lilichelewa kidogo pembeni. Alirudi baada ya miezi mitatu, sita, na mwaka, kila mara altrasaundi ikiwa tupu. Uvimbe huu ukitolewa wote hurudi mara chache, ila ukirudi hurudi kimyakimya, kwa hiyo tuliweka miadi mingine ya miaka iliyofuata. Ile ya mwaka mmoja naikumbuka kwa sababu sikuwahi kumpima. Bibi alimlaza mwenyewe kitandani, akaweka viganja viwili tumboni kama alivyomwona bingwa akifanya, akasukuma kulia, akasukuma kushoto, kisha akamgeuza ubavu na kumgonga kwa vidole. Mtoto alikuwa anacheka kwa kutekenywa.

"Andika," akaniambia, "hakuna kitu."